UZI: Umeme wa gari kongwe visiwani. Tafuta kitabu chake kwanza, ndipo ushike waya

#1 MwanaMtoni

Assalaam alaykum jamaa zangu.

Nafungua uzi huu kwa wenye gari kongwe, Unguja na Pemba, ambao injini wameiweza lakini umeme unawasumbua. Maneno ni yale yale kila nikikaa na mafundi Mwanakwerekwe. Mtu karithi Morris ya babu yake, au kanunua Land Rover iliyolala shambani, taa zinawaka zinapotaka, betri ikilala usiku mmoja asubuhi haina kitu. Fundi wa mwanzo kabadilisha betri. Wa pili kaleta stata. Wa tatu kavuta waya mwekundu kutoka kwenye betri hadi kwenye koili ya kuwashia plagi, kaufunga tepu, kaondoka. Pesa imekwenda na gari iko pale pale.

Mie nasema hivi: kabla hujanunua kipuri chochote, pata kitabu cha gari yako, na kiwe cha gari yako hasa. Umeme wa gari hizi ni mdogo. Morris Minor ya 1961 ina fyuzi mbili tu gari nzima. Mwenye mchoro sahihi na taa ya kujaribia ataufuata waya baada ya waya mpaka aufikie ubovu. Asiye na mchoro anabahatisha, na kubahatisha kwenye waya za miaka sitini ndiko kunakounguza gari.

Nitaisemea Morris Minor kwa sababu ndiyo iliyo mikononi mwangu, lakini Austin na Land Rover za wakati ule zilitumia vifaa vya umeme vya kampuni ya Lucas ya Uingereza vile vile, kwa hiyo mengi yanafanana.

KITABU

Vitabu viko vya aina tatu na watu huvichanganya. Kuna kile kidogo cha dereva, kilichokuwa kikikaa ndani ya gari: upepo wa matairi, oili, namna ya kubadilisha balbu. Kuna kitabu cha karakana, ambacho kiwanda kilimwandikia fundi. Cha Morris Minor kina namba AKD 530. Na kuna orodha ya vipuri, yenye picha za kila kitu kikiwa kimefumuliwa. Hiyo ya tatu watu huidharau, nami naiona ni ya thamani kubwa, maana ndiyo inayokuonesha waya ulipita wapi na ulishikwa na kibanio gani. Vipo pia vya Haynes, vilivyoandikiwa mwenye gari anayejitengenezea mwenyewe nyumbani. Kwa kufungua na kufunga ni vizuri sana. Kwa umeme mie naanza na cha kiwanda.

Usipakue chochote kabla hujasoma kibati cha namba kilichoko chini ya boneti, kwenye ukuta wa injini. Minor ilianza 1948 na ikaendelea mpaka mwanzoni mwa miaka ya 70. Injini ya cc 803 iliingia 1952, ya 948 ikaja 1956, ya 1098 ikaja 1962. Mwaka 1961 vile vijiti vya kugeukia, vilivyokuwa vikichomoza kwenye nguzo za mlango, viliondoshwa zikaja indiketa za kumetameta. Mabadiliko hayo yamegusa waya, na ndiyo maana kitabu cha karakana kina michoro kadhaa ya umeme. Ukichukua mchoro wa gari ya 1964 ukaufuatia kwenye gari ya 1958, utatafuta waya ambao haujapata kuwemo.

Visiwani kuna jambo jengine la kuzingatia: gari zetu zimebadilishwa viungo sana. Bodi ya mwaka huu, injini ya mwaka ule, dainamo (ile inayozalisha umeme wa kuchaji betri) imetoka kwenye gari nyengine kabisa. Kwa hiyo usikiamini kibati peke yake. Lucas walikuwa wakigonga namba ya aina kwenye vifaa vyao, na aghalabu tarehe ya kutengenezwa pia. Futa uchafu kwa kitambaa chenye petroli kidogo (betri iwe imefunguliwa) uzisome namba hizo kwenye dainamo, kwenye katauti (kisanduku kinachounganisha dainamo na betri na kudhibiti chaji) na kwenye distribyuta (inayogawa moto kwa plagi). Kisha ndiyo uamue mchoro upi unakuhusu.

Pa kupata: archive.org ina vitabu vingi vya gari za zamani vilivyopigwa skani, bure. Klabu za wamiliki kule Uingereza zinasaidia hata mtu wa mbali akiuliza kwa adabu na akatuma picha zilizo wazi. British Motor Museum, iliyoko Gaydon, inahifadhi kumbukumbu za kiwanda na hutoa cheti kinachoonesha gari ilivyotoka siku ya kwanza. Hicho ni cha kulipia. Na msisahau wazee wetu. Zipo nyumba Mji Mkongwe na Ng'ambo ambamo vitabu hivi vimo makabatini pamoja na risiti za tangu enzi za Sultani, na mwenye nyumba atafurahi kuulizwa.

Ukishapata mchoro, upeleke ukachapishwe kwenye karatasi kubwa ya A3, halafu ukae na penseli za rangi uupake waya mmoja mmoja. Kazi hii wengi huiruka. Ukimaliza kuupaka utakuwa umeshaifahamu gari yako zaidi kuliko fundi yeyote atakayeinamia boneti.

RANGI

Michoro mingi ya Kiingereza haina rangi, ina herufi. N ni hudhurungi, U ni buluu, R nyekundu, P zambarau, G kijani, LG kijani hafifu, W nyeupe, Y manjano, B nyeusi. Zikiwa herufi mbili, ya kwanza ni rangi ya waya wenyewe na ya pili ni ya mstari wake mwembamba. Michoro ya zamani zaidi hutumia namba badala ya herufi, na maelezo yake yako pembeni.

Sasa maana yake. Hudhurungi ni moto wa betri usiopita kwenye fyuzi, uko hai saa zote. Nyeupe unapata moto ukifungua swichi ya ufunguo, nao pia hauna fyuzi: unakwenda koili na pampu ya petroli. Kijani ni ule mweupe ukishapita kwenye fyuzi: waipa, indiketa, taa za breki, geji ya mafuta. Buluu ni taa kubwa, nyekundu ni taa ndogo, nyeusi ni athi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri kupitia bodi.

Litizameni hilo la kijani. Waipa, indiketa, breki na geji vikifa kwa pamoja, huna ubovu wa vitu vinne. Una ubovu mmoja, na uko baina ya fyuzi na pale waya wa kijani unapoanza kugawika.

Rangi zikiwa zimepauka, kata tepu ya zamani sehemu ambayo jua na oili havikufika, utaiona rangi ya asili.

CHUMVI

Upepo wetu wa bahari ndio adui wa kwanza wa umeme wa gari. Unyevu wenye chumvi unapenya kwenye kiungo, shaba inafanya ukungu wa kijani, na pale pembeni bodi inakula kutu. Waya ukiutizama kwa nje ni mzima. Lakini umeme unapita kwa taabu, kiungo kinapata joto, joto linazidisha kutu. Gari nyingi nilizozifungua ubovu ulikuwa hapo: kwenye athi ya taa ya mbele, kwenye ule mkanda wa kusuka unaounganisha injini na bodi, kwenye vile viungo vya kuchomeka vilivyojificha nyuma ya grili.

Dalili yake utaijua. Ukiwasha indiketa, taa ndogo ya upande ule nayo inametameta. Maana yake umeme umekosa njia ya kurudi kwenye bodi, unajitafutia njia kupitia balbu nyengine. Usinunue balbu. Fungua skrubu ya athi, piga msasa mpaka chuma king'ae, funga, paka grisi au Vaseline juu yake ili hewa isiingie.

Kipimo kizuri kuliko vyote ni hiki. Weka mita kwenye volti. Ncha moja iguse nguzo ya betri inayokwenda kwenye bodi, yenyewe nguzo na si kibano chake. Ncha nyengine iguse injini. Mwenzako apige stata. Mita ikionesha zaidi ya nusu volti, athi yako ni mbovu hata kama kwa macho inapendeza. Kipimo hicho hicho kinafaa kwenye taa kubwa ikiwa inawaka.

Masuala karibuni.

#2 KobeWaWete

Shukran sheikh. Mie niko Wete, nina Beetle ya Volkswagen. Nimejaribu kuzifuata rangi zako haziingii kabisa. Kwenye swichi naona namba, 30, 15, 50. Kitabu bado sijapata.

#3 MwanaMtoni

Usizifuate, hizo ni za Waingereza. Gari yako ni ya Kijerumani na Wajerumani waliweka namba pale kila waya unapofungwa, kwa hiyo hata rangi ikipotea namba inakuongoza. 30 ni moto wa betri wa moja kwa moja. 15 ni moto wa swichi ya ufunguo. 50 unakwenda stata. 31 ni athi. 49 ni indiketa, 56a taa kubwa za mbali, 56b za karibu, 58 taa ndogo, 61 ile taa nyekundu ya chaji. Ziandike ukutani bandani kwako.

Mawili mengine. Soma betri na balbu zako ni volti ngapi, maana Beetle nyingi za kabla ya 1967 ni volti 6, na hapo huwezi kuchanganya na vifaa vya 12. La pili, zile fyuzi zake zenye umbo la risasi hukaa kwenye ndimi za shaba ambazo hushika kutu, fyuzi nzima lakini haipitishi. Izungushe kila moja kwa kidole, kisha toa zote usafishe ndimi kwa msasa mwembamba. Anza na hilo kabla ya kutafuta kingine.

#4 BintiKikwajuni

Kaka MwanaMtoni, shukran kwa darsa. Nina Morris ya marehemu baba. Kuna mtu kaniambia athi yake ni kinyume, chanya ndiyo iko kwenye bodi. Nilikuwa niifungie tundu la kuchajia simu na siku betri ikilala niitie umeme kutoka kwenye Noah ya mjomba. Kuna hatari?

#5 MwanaMtoni

Mungu amrehemu mzee. Ndiyo dada, Minor zilitoka kiwandani chanya ikiwa kwenye bodi, na ni vyema umeuliza kabla. Kwanza hakikisha bado iko hivyo: tizama waya gani wa betri umefungwa kwenye bodi, kisha linganisha na kitabu, maana huenda mtu aliigeuza huko nyuma.

Tundu la simu usilifunge kama lilivyo. Gamba la nje la tundu lile limetengenezwa liwe hasi. Ukilifunga kwenye bodi yenye chanya umegeuza umeme, na chaja itakufa, pengine na simu pamoja nayo. Taa za LED nazo vile vile, zina upande wake. Redio za kisasa ndiyo usiziguse kabisa.

Kuhusu Noah: inawezekana. Chanya ya betri kwa chanya ya betri, hasi kwa hasi, kwenye nguzo za betri zenyewe. Sharti kubwa ni kwamba gari mbili zisigusane hata kidogo, bampa kwa bampa wala mlango kwa mlango, kwa sababu bodi moja ni chanya na nyengine ni hasi. Zikigusana ni shoti ya betri nzima. Na mjomba asifunge klipu ya nyeusi kwenye bodi ya Morris kwa mazoea ya Toyota.

#6 FundiMkongwe_Jangombe

Wanangu, nimesoma yote. Kijana anasema kweli kuhusu athi. Lakini mie ushauri wangu ni mwengine: geuzeni gari ziwe hasi kwenye bodi, tupeni dainamo, wekeni altaneta ya Toyota, ile ya kisasa inayochaji betri badala ya dainamo. Vipuri vyake viko kila duka. Dainamo ukikaa kwenye foleni ya Darajani taa zimewaka haichaji. Nimefanya hivyo kwa wateja wangu wengi na hawajarudi.

#7 MwanaMtoni

Shikamoo mzee wangu. Nimefurahi umeingia.

Hesabu iko upande wako. Dainamo ya Lucas C40/1 mwisho wake ni ampea 22, na injini ikisinzia haitoi kitu. Mtu akifunga balbu kubwa za wati 60 mbili, ni wati 120, gawa kwa volti 12 unapata ampea 10, karibu nusu ya yote iliyonayo. Kwa anayeendesha usiku kila siku, au anayetaka feni na redio, altaneta ni haki yake.

Ninachoomba ni kwamba isiwe dawa ya kila ugonjwa. Altaneta haitibu athi mbovu. Na ile hudhurungi kubwa iliyowekwa kwa ajili ya ampea 22 itapitishiwa 45 au zaidi, bila fyuzi, ndani ya waya uliokauka ganda. Anayefunga altaneta aweke waya mnene mpya kutoka kwenye altaneta hadi betri na fyuzi yake, na katauti ya zamani itolewe kazini.

Kwa anayetaka kugeuza athi tu na kubaki na dainamo, inawezekana na si kazi kubwa: geuza betri, badilisha waya za koili zipishane, kisha iamshe dainamo upya. Kuamsha ni kuchomoa waya mbili za dainamo, D (unaotoa umeme) na F (unaolisha koili zake za ndani), halafu kugusisha waya kutoka kwenye nguzo hai ya betri (ile isiyofungwa kwenye bodi) kwenye F, mguso wa haraka tu, mara chache. Stata na mota ya waipa ya zamani hazijali. Pampu ya petroli ya SU ya zamani isiyo na dayodi (kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu) haijali. Yenye dayodi inajali, soma namba yake kwanza.

Mzee, ungetuwekea kipimo cha dainamo unavyokifanya? Wengi wanaitupa nzima.

#8 FundiMkongwe_Jangombe

Marahaba mwanangu. Hilo la waya mnene ni kweli, wengi hawaliweki.

Dainamo: hakikisha mkanda haulegei. Chomoa waya zote mbili, ziunganishe D na F kwa waya mfupi. Mita ncha moja hapo, nyengine kwenye bodi ya dainamo. Washa injini, pandisha taratibu. Volti zinatakiwa zipande haraka bila kuruka. Usizifikishe 20 na usikanyage sana, mizunguko elfu moja inatosha. Ikibaki nusu volti au moja, koili zake za ndani ndizo mbovu. Ikisimama kwenye nne au tano, ni amecha, sehemu inayozunguka ndani yake. Isipoonesha kitu, angalia makaa (vile vipande vya kaboni vinavyogusa amecha) kwanza, mara nyingi yamekwisha au yameganda kwa uchafu.

Ikipanda vizuri, dainamo yako nzima, rudi kwenye katauti. Na betri inayolala kila usiku ifanyieni hivi: gari imezimwa, shika katauti na dainamo. Dainamo ikiwa na joto na gari haijawashwa, midomo ya katauti imegandana na betri inarudi kumiminika ndani ya dainamo.

#9 Chumbageni_Mkoani

Assalaam alaykum. Morris yangu imenifanyia kama alivyosema mwenye uzi kwenye #1. Jana usiku mvua, waipa zikasimama, breki hazina taa, geji imelala. Fyuzi niliyoitoa imeandikwa 35 na imekatika. Dukani wana ya kisasa ya ampea 35, nichukue?

#10 MwanaMtoni

Waalaykum salaam. Usichukue ndugu yangu, tafadhali, na wengine msome hapa.

Lucas waliandika ampea ambayo fyuzi inakatika. Ile 35 yao inabeba takriban 17 kwa mfululizo. Fyuzi za kisasa zimeandikwa ampea inayobeba, kwa hiyo 35 ya leo ni mara mbili ya ile ya asili, na waya wako utaungua kabla fyuzi haijakatika. Ukikosa ya Lucas, weka ya kisasa ya 15.

Halafu tafuta sababu. Fyuzi imekata mvua ikinyesha na waipa zinafanya kazi, basi mota ya waipa ndiyo mshukiwa wa kwanza, kisha waya wa taa za breki unaopita nyuma kwenye buti. Chomoa vyote vya kijani, weka taa ya kujaribia mahali pa fyuzi, fungua ufunguo. Taa ikiwa imezima, rudisha kimoja kimoja. Kile kitakachoiwasha kwa nguvu zote ndicho kinachopiga shoti. Kwa njia hii hutaharibu fyuzi hata moja.

#11 Chumbageni_Mkoani

Nimekipata. Waya wa kijani wenye mstari wa zambarau umekatwa ganda na ukingo wa bati kwenye buti, mpira wa tundu umeoza. Nimeweka waya mpya na mpira. Vyote vimerudi. Limebaki moja: nikitembea usiku ile taa nyekundu ya chaji inawaka kwa mbali, hafifu sana. Dainamo nimeipima kama alivyoeleza mzee, inapanda vizuri.

#12 MwanaMtoni

Alhamdulillah. Umefanya vizuri kuweka mpira mpya, wengi huishia kwenye tepu.

Taa ile iko baina ya dainamo na swichi ya ufunguo. Ikiwaka hafifu usiku, volti za pande mbili hazilingani, na dainamo ikiwa nzima basi kuna kiungo kinachokula volti njiani. Washa taa kubwa, mtu akanyage injini iwe inachaji, pima kutoka A kwenye katauti (kituo chake kinachokwenda betri) hadi nguzo hai ya betri, kisha kutoka A1 (kituo chake kinacholisha taa na swichi) hadi upande wa hudhurungi wa swichi ya ufunguo, na umalizie kwenye waya mweupe unaotoka. Popote utakapoona nusu volti au zaidi, kiungo hicho kifungue, kisafishe, kikaze. Kwa gari zilizokaa karibu na bandari mie huanzia kwenye skrubu za katauti yenyewe. Tupe majibu ya mita.